Mahalia Jackson: Sauti ya kanisani iliyofika kwenye majukwaa ya tamasha

Katika historia ya muziki wa Injili ni majina machache yanayotajwa kwa heshima kama la Mahalia Jackson, mwanamke mweusi wa Marekani aliyezaliwa katika ufukara kando ya mto Mississippi na kufariki dunia mwaka 1972, akiwa ameimba makanisani, katika kumbi kubwa za Marekani na Ulaya, na mbele ya maelfu ya watu katika viwanja vya tamasha.

Nyuma ya umaarufu huo lilikuwepo swali lililomwandama tangu ujana wake. Je, wimbo uliotungwa kwa ajili ya ibada unaweza kuimbwa mbele ya watu waliolipa kiingilio, wengine wao wakiwa wamekuja kunywa na kucheza, na bado ukabaki kuwa wimbo wa Mungu? Swali hilo liliyagawa makanisa ya watu weusi wa Marekani kwa miongo kadhaa, na maisha ya Mahalia yalikuwa ndiyo jibu lake.

Utoto mjini New Orleans

Mahalia alizaliwa tarehe 26 Oktoba mwaka 1911 katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana. Baba yake, Johnny Jackson, alikuwa kinyozi na mfanyakazi wa bandarini kwa siku za kazi, na mhubiri siku ya Jumapili. Mama yake, Charity Clark, alifariki dunia wakati Mahalia akiwa bado mtoto mdogo wa umri wa miaka mitano hivi.

Baada ya msiba huo alilelewa na mama yake mkubwa, aliyejulikana katika ukoo kwa jina la Duke. Bibi huyo alikuwa mkali na mcha Mungu, na nyumbani mwake hapakuwa na nafasi ya muziki wa kidunia siku ya Jumapili. Mtoto alifua, alisugua sakafu na kulea wadogo, na shule aliiacha akiwa bado katika madarasa ya chini ili afanye kazi.

Kanisa la familia lilikuwa la Kibaptisti, lenye nyimbo za taratibu na nidhamu kubwa. Hata hivyo, jirani na nyumba yao lilikuwepo kanisa dogo la Wapentekoste ambalo halikuwa na kwaya wala kinanda. Waumini wake walipiga ngoma, matoazi na matari, wakapiga makofi na kukanyaga sakafu kwa miguu. Mahalia aliwasikiliza akiwa nje, na mdundo ule haukumtoka tena maishani.

Aidha, binamu yake alikuwa na santuri za blues, na watu wazima walipokuwa kazini msichana huyo alimsikiliza Bessie Smith, mwimbaji mashuhuri wa enzi hizo. Kwa hiyo kabla hata hajatimiza miaka kumi na mitano, sauti yake ilikuwa imekwisha kunywa katika visima vitatu: tenzi za Kibaptisti, ngoma za Wapentekoste, na majonzi ya blues.

Chicago na nadhiri

Kama mamia ya maelfu ya watu weusi waliozikimbia sheria za ubaguzi na umaskini wa majimbo ya kusini, Mahalia alipanda treni kwenda Chicago akiwa bado kijana. Aliishi kwa jamaa zake, akafanya kazi za kufua nguo na usafi wa hotelini, na akajiunga na kwaya ya kanisa la Greater Salem. Muda si mrefu aliingia katika kikundi kidogo cha vijana wa kanisa hilo, Johnson Singers, kilichozunguka kuimba katika makanisa mengine kwa sadaka ndogo.

Si kila mtu aliyefurahi. Makanisa makubwa ya weusi mjini Chicago yalijivunia kwaya zilizoimba muziki wa Kizungu kwa kufuata noti. Mwimbaji aliyefumba macho, akainua mikono, akavuta sauti na kutikisa mwili alionekana kuwa ni aibu ya mashambani iliyoletwa mjini. Wapo wachungaji waliomkemea hadharani. Mwalimu mmoja wa muziki alimwambia kwamba anapiga kelele badala ya kuimba, na Mahalia hakurudi kwake kwa somo la pili.

Kishawishi kilitoka upande mwingine pia. Mwaka 1936 aliolewa na Isaac Hockenhull, msomi wa kemia ambaye, kama wengi katika miaka ile ya mdororo mkubwa wa uchumi, hakuwa na kazi ya uhakika. Hockenhull aliamini kwamba mke wake anaipoteza sauti yake katika nyimbo za kanisani, na akamsihi aingie katika michezo ya jukwaani. Mahalia alikwenda kujaribiwa kwa mchezo wa The Swing Mikado, akashinda nafasi hiyo, kisha akaikataa mara tu mumewe alipopata kazi. Ndoa yao ilivunjika mwaka 1941.

Kukataa huko kulikuwa na sababu. Miaka kadhaa kabla yake, babu yake alipougua ghafla akiwa Chicago, Mahalia alipiga magoti na kuahidi kwamba mzee huyo akipona hatakanyaga tena nyumba za maonyesho. Babu alipona. Tangu hapo Mahalia hakuimba blues, wala hakukubali kuimba katika vilabu vya usiku, hata alipoahidiwa fedha nyingi. Ili apate riziki alijifunza ususi, akafungua saluni yake mwenyewe, na baadaye duka la maua.

Mtunzi aliyetoka katika blues

Mtu aliyeibadili njia yake alikuwa Thomas Dorsey, mtoto wa mhubiri kutoka Georgia. Katika miaka ya 1920 Dorsey alijulikana kama Georgia Tom, mpiga piano wa mwimbaji Ma Rainey, na mwaka 1928 alitoa kwa ushirikiano na mpiga gitaa Tampa Red wimbo wa mizaha ya kimapenzi uliouzwa sana. Alikuwa pia ameugua kwa msongo mzito wa mawazo, na mara kadhaa aliyumba kati ya kanisa na dunia.

Mwezi Agosti mwaka 1932 Dorsey alimwacha mkewe mjamzito mjini Chicago, akaenda St. Louis kuimba katika mkutano wa Injili. Huko alipokea simu ya maandishi ikimjulisha kwamba mkewe, Nettie, amefariki dunia katika uzazi. Alirudi nyumbani, na mtoto naye akafariki muda mfupi baadaye. Katika siku za uchungu huo alikaa mbele ya piano na kutunga Take My Hand, Precious Lord, sala ya mtu aliyechoka anayeomba ashikwe mkono.

Kile ambacho Dorsey alikifanya kilikuwa ni kuyachukua maneno ya imani na kuyapa mwendo wa blues. Makanisa mengi yalimfungia milango. Alihitaji sauti ya kuzipeleka nyimbo hizo kwa watu, na kwa miaka kadhaa Mahalia aliifanya kazi hiyo: alisafiri naye kutoka mji hadi mji, akiimba makanisani na hata kwenye kona za barabara, huku mtunzi akiuza karatasi za nyimbo kwa senti chache.

Santuri na ukumbi wa Carnegie

Mwaka 1937 Mahalia alirekodi kwa mara ya kwanza, katika kampuni ya Decca. Santuri hizo hazikuuzwa vizuri, na alipotakiwa arekodi blues alikataa. Ilimbidi asubiri karibu miaka kumi. Mwaka 1947, akiwa na kampuni ndogo ya Apollo, alirekodi Move On Up a Little Higher, wimbo wa mchungaji W. Herbert Brewster wa Memphis. Uliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni moja, jambo ambalo karibu halikuwahi kusikika kwa muziki wa Injili.

Tarehe 1 Oktoba mwaka 1950 mtangazaji Joe Bostic aliandaa tamasha la nyimbo za dini za watu weusi katika ukumbi wa Carnegie mjini New York, na Mahalia akawa mwimbaji mkuu. Ulikuwa ni ukumbi wa wanamuziki wa opera, na yeye hakujua kusoma noti. Watu walijaa mpaka viti vikawekwa jukwaani. Miaka iliyofuata aliitwa tena na tena.

Mwaka 1952 alikwenda Ulaya, ambako tayari alikuwa ameshatunukiwa nchini Ufaransa kwa mojawapo ya santuri zake, na ambako rekodi yake ya wimbo wa Krismasi, Silent Night, ilipendwa sana Denmark na Norway. Mwaka 1954 alijiunga na kampuni kubwa ya Columbia na kupata kipindi chake mwenyewe cha redio.

Umaarufu haukumwondolea ubaguzi. Katika safari za kusini alinyimwa chakula mahotelini na mara nyingine alilala garini. Mwaka 1956 aliponunua nyumba katika mtaa wa Wazungu mjini Chicago, madirisha yake yalipigwa risasi.

Usiku wa mvua Newport

Lile swali la zamani lilirudi kwa nguvu alipoalikwa kwenye tamasha la jazz la Newport, katika jimbo la Rhode Island. Mwaka 1957 waandaaji walitenga mchana wa Jumapili kwa waimbaji wa Injili. Mwaka uliofuata walimpa nafasi ya kufunga onyesho la Jumamosi usiku, baada ya wanamuziki wa jazz na rock 'n' roll, mbele ya hadhira iliyokuwa na vinywaji mkononi.

Mahalia alipanda jukwaani saa sita ya usiku ikiwa imekwisha kupita, na kwa hesabu ya saa ilikuwa tayari Jumapili, tarehe 6 Julai mwaka 1958. Mvua ilinyesha, lakini watu hawakuondoka. Alihitimisha kwa Sala ya Bwana, na umati ule wa starehe ukanyamaza. Mpiga picha Bert Stern aliirekodi sehemu ya onyesho hilo, na leo bado inaonekana mwishoni mwa filamu yake ya Jazz on a Summer's Day.

Msimamo wake ulikuwa umejengeka. Mahali pa kuimbia si kitu cha kuogopa, mradi maneno ya wimbo na nia ya mwimbaji havikubadilika. Klabu ya usiku ilikuwa ni kaunta ya pombe, na huko hakwenda. Uwanja wa tamasha ulikuwa ni watu, na watu aliweza kuwahubiria. Mwaka huohuo alirekodi pamoja na Duke Ellington, na baadhi ya washirika wa makanisa walimlaumu hata kwa hilo.

Wimbo katika harakati za haki

Mwaka 1956 Mahalia alikutana na wachungaji Martin Luther King na Ralph Abernathy katika mkutano mkuu wa Wabaptisti mjini Denver. Walimwomba aje Montgomery kuwatia moyo watu waliokuwa wamesusia mabasi kwa mwaka mzima. Alikwenda mwezi Desemba, akalala nyumbani kwa Abernathy. Wiki chache baadaye nyumba hiyo ilipigwa bomu.

Kuanzia hapo alikuwa mwimbaji wa harakati hizo. Mwezi Mei mwaka 1957 aliimba katika maombi ya kudai uhuru mjini Washington. Tarehe 28 Agosti mwaka 1963 aliimba mahali hapohapo, mbele ya watu wapatao robo milioni, muda mfupi kabla ya King kuhutubia. Kwa mujibu wa watu waliokuwa karibu, hotuba ilipofika mbali Mahalia alipaza sauti kutoka nyuma akimhimiza mchungaji awaeleze watu juu ya ndoto yake. King aliiweka kando karatasi, na kilichofuata ndicho kinachokumbukwa mpaka leo.

Jioni ya tarehe 4 Aprili mwaka 1968, akiwa kwenye roshani ya hoteli mjini Memphis, King alimwomba mwanamuziki Ben Branch apige ule wimbo wa Dorsey katika mkutano wa jioni hiyo. Dakika chache baadaye aliuawa kwa risasi. Katika mazishi yake Mahalia ndiye aliyeuimba.

Jumapili ya Harlem

Mwaka mmoja baadaye, katika majira ya joto ya mwaka 1969, mwimbaji na mwandaaji Tony Lawrence aliandaa tamasha la kitamaduni katika bustani ya Mount Morris, Harlem, mjini New York. Lilifanyika kwa Jumapili 6, bila kiingilio, na inakadiriwa kwamba watu 300,000 walihudhuria kwa jumla. Mtaa ule ulikuwa bado na majeraha ya ghasia zilizofuatia kifo cha King. Familia zilikuja na watoto, vikapu vya chakula na miavuli, na vijana wakapanda juu ya miti ili waone.

Jumapili ya tarehe 13 Julai ilikuwa ya Injili, na kila aliyepanda jukwaani alikuwa na safari yake ya imani.

Walikuwepo Edwin Hawkins na waimbaji wake kutoka California. Hawa walikuwa vijana wa kanisa waliorekodi santuri kwa ajili ya kuchangisha fedha za kwaya yao. Redio zikauchukua wimbo mmoja, Oh Happy Day, na kuufanya upendwe duniani kote. Furaha ya vijana hao ilichanganyika na uchungu, kwani wapo wazee wa kanisa waliokasirika kusikia wimbo wa Yesu ukichezwa katika madansi.

Walikuwepo pia Staple Singers, familia iliyoongozwa na Roebuck Staples. Baba huyo alikuwa amejifunza gitaa kwa kuwasikiliza wapigaji wa blues katika mashamba ya pamba ya Mississippi, kisha akawafundisha watoto wake nyimbo za kanisani kwa gitaa hilohilo. Baada ya kumsikiliza King, familia hiyo ilianza kuimba juu ya haki na uhuru, na wao pia walituhumiwa kwamba wameliacha kanisa. Kwao, hata hivyo, kudai haki kulikuwa ni sehemu ya Injili yenyewe.

Kisha ikafika zamu ya Mahalia. Mchungaji Jesse Jackson alizungumza juu ya dakika za mwisho za King na wimbo alioutaka. Mahalia, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika kwa maradhi ya moyo, alimwinamia Mavis Staples, binti wa mzee Roebuck aliyekuwa ametimiza miaka 30 siku tatu kabla, akamwomba aanze wimbo huo kwa sababu yeye hajisikii vizuri. Kwa Mavis, aliyekua akimwona Mahalia kuwa ni mfano wake, ombi hilo lilikuwa kubwa kupita kiasi.

Mavis alianza. Mahalia akachukua kipaza sauti, na wanawake hao wawili wakapokezana, mmoja akipandisha na mwingine akipokea, mpaka haikuwa rahisi kutofautisha kati ya kuimba na kulia. Wimbo uliozaliwa na msiba wa mume mmoja mwaka 1932 ulikuwa sasa umebeba msiba wa watu wote waliosimama katika bustani ile.

Mtayarishaji Hal Tulchin aliirekodi tamasha hiyo kwa kamera, lakini sehemu kubwa ya kanda hizo za saa 40 hivi ilikaa gizani kwa karibu nusu karne. Zilionekana mwaka 2021 katika filamu ya Summer of Soul iliyoongozwa na Questlove, ambayo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2022.

Kurudi Uwanja wa Congo

Mwezi Aprili mwaka 1970 Mahalia alirudi katika mji wa kuzaliwa kwake kwa ajili ya tamasha la kwanza la jazz na urithi wa New Orleans. Mipango ya tamasha la aina hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1962 lakini ikakwama, kwa kuwa sheria za mji zilikataza weusi na Wazungu kupiga muziki pamoja au kukaa hoteli moja.

Mahali palipochaguliwa ni Uwanja wa Congo, ambapo zamani Waafrika waliokuwa watumwa waliruhusiwa kukusanyika siku za Jumapili, wakapiga ngoma na kucheza kwa desturi za makwao. Wahudhuriaji walikuwa mamia machache tu. Bendi ya matarumbeta ya Eureka ilipokuwa ikipita, Mahalia alipewa kipaza sauti na kuimba pamoja nao wimbo wa kanisani unaojulikana na kila mtu mjini humo. Tamasha hilo limekua na kuwa mojawapo ya makubwa zaidi nchini Marekani, na lina hema maalum kwa ajili ya muziki wa Injili.

Kifo na urithi

Mwaka 1971 Mahalia alisafiri Japan na India, kisha Ujerumani, ambako alizidiwa na ugonjwa. Alifariki dunia tarehe 27 Januari mwaka 1972 katika hospitali moja karibu na Chicago kutokana na maradhi ya moyo, akiwa pia na kisukari. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Watu wapatao 50,000 walipita mbele ya jeneza lake katika kanisa la Greater Salem. Katika ibada kubwa ya mazishi mjini Chicago, Aretha Franklin aliimba wimbo uleule wa Dorsey. Mwili ulipelekwa New Orleans kwa ibada nyingine, na akazikwa Metairie, nje kidogo ya mji huo.

Si kila kitu katika maisha yake kilikuwa cha kusifiwa. Alikuwa mgumu katika fedha, akidai alipwe taslimu kabla ya kuimba kwa sababu alishadhulumiwa mara nyingi na waandaaji. Lakini naye alilaumiwa kwa kumlipa kidogo Mildred Falls, mpiga piano aliyemsindikiza kwa miaka mingi na ambaye mdundo wake ulikuwa sehemu kubwa ya muziki wa Mahalia. Falls alifariki dunia miaka miwili baada yake, katika hali ya dhiki.

Nadhiri yake, hata hivyo, aliitunza. Makanisa yaliyokuwa yakimfungia milango yaliishia kuimba kama yeye, na kwaya zinazopiga makofi na matari si jambo la kushangaza tena katika ibada za Kibaptisti nchini Marekani. Jina lake limepewa ukumbi mkubwa wa maonyesho mjini New Orleans. Ukumbi huo uliharibiwa na mafuriko ya kimbunga Katrina mwaka 2005, ukakarabatiwa na kufunguliwa tena mwezi Januari mwaka 2009. Unasimama hatua chache tu kutoka Uwanja wa Congo.